Macho Mawili Katika Tundu Moja

Katika toleo lililopita nilijibu barua ya msomaji wa Kasulu ambaye mkewe aliumwa kichwa kwa miezi mingi kabla ya kipimo cha MRI kuonyesha uvimbe kwenye ubongo, na tangu hapo maswali kuhusu upasuaji wa ubongo hayajakoma kufika, mengi yakitoka Kigoma na hapa Tabora ninapoishi. Kwa wasomaji wapya, ni haki niseme mapema kwamba mimi si daktari. Nilikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji kwa miaka 26, na kazi yangu ilikuwa kusimama ubavuni mwa daktari bingwa, kumkabidhi kifaa kabla hajamaliza kukitaja, na kuhesabu pamba zilizoingia na zilizotoka. Nitaeleza nilichokiona na nilichofundishwa. Uamuzi juu ya mgonjwa fulani unabaki kwa daktari wake aliyeziona picha zake.

*Shikamoo mama. Mdogo wangu, fundi wa mitumbwi mwenye miaka 34, alianza kutoona vitu vya pembeni, hata bodaboda huiona ikiwa imeshamfika. Alianzia hospitali ya Maweni, akapewa rufaa, na huko Dar es Salaam wakakuta uvimbe kwenye tezi iliyo chini ya ubongo. Wametuambia watatumia hadubini na kamera kwa pamoja. Hapa nyumbani tumegawanyika. Shemeji anasema kamera ndiyo ya kisasa na hadubini ni ya zamani, hivyo tukitajiwa hadubini tujue tumepelekwa kwa watu waliobaki nyuma. Mjomba anasema vifaa viwili maana yake gharama mbili. Tufanye nini? — Dada Mkubwa, Kibirizi, Kigoma*

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa kuuguza. Nianze na hoja ya shemeji yako, kwa sababu ndiyo inayoweza kumchelewesha mgonjwa. Hadubini na endoskopu, yaani hicho kijiti cha chuma ambacho wengi wanakiita kamera, vinatumika vyote viwili leo katika hospitali zinazoheshimika duniani, na vinatumika pamoja kwa sababu kila kimoja ni kipofu mahali mwenzake anapoona.

Hadubini ya upasuaji, ambayo sisi chumbani tulizoea kuiita maikroskopu, haifanani na ile ya maabara ya shule. Ni mashine inayomzidi mtu kimo, yenye mkono mrefu unaoinama juu ya kichwa cha mgonjwa, na kabla ya kazi kuanza wauguzi huivisha mfuko wa nailoni uliotakaswa, shughuli inayotaka watu wawili na subira nyingi, maana nailoni ikigusa sakafu unaitupa na kuanza upya. Lenzi yake hukaa sentimita 20 hadi 40 hivi juu ya kidonda, kwa hiyo mikono inapata nafasi ya kufanya kazi chini yake. Daktari huchungulia kwa macho yote mawili, kila jicho likipata picha yake, na ndiyo sababu anaona kina: anajua kama mshipa wa damu upo mbele ya neva, yaani mshipa wa fahamu, au nyuma yake, na umeachana nayo kwa milimita ngapi. Mkono mmoja unashika kifyonza damu, wa pili unashika mkasi. Kwa kazi ya kutenganisha vitu viwili vilivyogandamana, sijaona kifaa kinachoipita.

Udhaifu wake ni kwamba mwanga na macho vyote hutoka juu na kushuka kwa mstari mnyoofu. Ninyi wa Kibirizi mnalielewa jambo hili kuliko mimi. Taa ya mvuvi huwaonyesha dagaa waliokusanyika chini yake, lakini samaki aliyejibanza chini ya mtumbwi haonekani hata taa iwe kali namna gani. Ili kumwona, ingebidi ushushe taa majini pamoja na jicho lako.

Endoskopu ndiyo hiyo taa iliyoshushwa pamoja na jicho. Ile inayotumika sana katika upasuaji wa aina hii ni kijiti kigumu chenye unene wa milimita 4, mwembamba kuliko penseli, na urefu wa sentimita 18 hivi. Mwanga hutokea nchani, na lenzi nayo ipo hapohapo nchani, kwa hiyo kina cha tundu hakipunguzi mwanga. Zaidi ya hapo, ncha hukatwa kwa pembe. Ya nyuzi 0 hutazama mbele, ya nyuzi 30 hutazama mshazari, na zipo za nyuzi 45 na 70 zinazochungulia nyuma ya kona. Picha yake huonekana kwenye skrini, na kila aliyemo chumbani anaiona.

Sasa msije mkadhani kamera haina kasoro. Endoskopu nyingi zina jicho moja tu, kwa hiyo picha ni bapa kama ya televisheni, na daktari hukadiria kina kwa uzoefu na kwa kusogeza kijiti mbele na nyuma, ingawa siku hizi zimetengenezwa pia zenye macho mawili. Tone moja la damu likiangukia lenzi, chumba kizima kinakuwa kipofu mpaka ioshwe. Ncha yake hupata joto, na haipaswi kuachwa imeegemea neva. Lililonitia hofu kuliko yote nilipoanza kazi ni kwamba endoskopu huona kilicho mbele ya ncha yake tu. Kiwiliwili chake kinaweza kuwa kinakwaruza kitu njiani, na skrini isionyeshe lolote.

Turudi kwa mdogo wako. Tezi ya pituitari ni ndogo kama punje ya njegere, na imekaa katika bonde la mfupa lililo nyuma kabisa ya pua. Mabingwa wa kale walilifananisha na tandiko la farasi, wakaliita tandiko la Kituruki. Juu yake zinapita neva za macho mawili, na hapo hapo nusu ya nyuzi za kila neva huvuka kwenda upande wa pili. Nyuzi zinazovuka ndizo zinazobeba taarifa za vitu vilivyo pembeni, upande wa masikio. Uvimbe ukikua na kuzisukuma kutoka chini, mtu huanza kupoteza pande zote mbili za nje, mfano wa farasi aliyevalishwa vizibo vya macho. Ndiyo maana bodaboda inamshtukiza. Kulia na kushoto mwa tezi inapita mishipa miwili mikubwa ya damu inayopanda kutoka shingoni kwenda kulisha ubongo, na mkono ukiteleza hapo, hata daktari hodari anaingia katika msiba.

Uvimbe uliokaa katikati ya tandiko unaweza kuondolewa kwa endoskopu peke yake, na vituo vingi sasa vinafanya hivyo. Wapo mabingwa wengine wanaouondoa kwa hadubini, na matokeo yao ni mazuri. Ugumu huja pale uvimbe unapopanda juu kuelekea neva za macho, au unapopenya pembeni ukaukumbatia mmojawapo wa ile mishipa. Hapo daktari anaweza kufanya kazi kubwa kwa hadubini, kwa mikono miwili na kwa kuona kina, kisha mwishoni akaingiza endoskopu ya nyuzi 30 kukagua kona. Nakumbuka upasuaji mmoja wa namna hiyo. Zilikuwa zimepita saa nne, daktari amesharidhika, nami nimeshaanza kuhesabu pamba. Akasema tuangalie mara ya mwisho. Kijiti kilipogeuzwa kushoto, pale kwenye skrini, nyuma ya ukuta mwembamba, kilikuwepo kipande cha kijivujivu kama punje ya mahindi. Hakuna aliyesema neno. Aliniomba kijiko cha kukwangulia chenye shingo iliyopinda, na kazi ikaendelea nusu saa nyingine.

Kuhusu gharama, mjomba amwone mhasibu wa hospitali na, kama familia haina bima wala uwezo, afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali hiyohiyo, kabla ya siku ya kulazwa na siyo baada yake. Mimi ningehesabu na gharama ambayo haiandikwi kwenye ankara, yaani ile ya kurudi kupasuliwa tena kwa sababu kipande kilibaki, pale ambapo makovu ya mara ya kwanza yameshaifanya njia kuwa ngumu. Lakini msikae kikao kirefu. Neva ya macho iliyobanwa kwa muda mfupi mara nyingi hurudisha nguvu baada ya kufunguliwa. Iliyobanwa muda mrefu ikakauka hairudi, atumike fundi gani.

*Mwangaluka, mama. Hapa kijijini kuna ubishi kwamba ubongo unaweza kupasuliwa kupitia puani. Mimi nimekataa, kwa sababu pua haielekei kwenye ubongo. Nani mkweli? — Mfuga Nyuki, Sikonge*

Mwangaluka, ndugu yangu. Umeshindwa ubishi, lakini kwa heshima, kwa sababu wanaodhani kila uvimbe hutolewa puani nao wamekosea.

Wewe mfuga nyuki hupasui ubavu wa mzinga wa gome ili ufikie masega. Unatoa kifuniko cha mwishoni, unaingia kwa njia ambayo mzinga wenyewe umekupa. Pua ni njia ya namna hiyo. Ukiingia tundu la pua ukaenda nyuma moja kwa moja, badala ya kupanda, unafika kwenye mfupa wenye chumba cha hewa ndani yake, na ukuta wa nyuma wa chumba hicho ndio sakafu ya lile tandiko nililolieleza hapo juu. Kwa watu wengi ukuta huo ni mwembamba kama ganda la yai.

Kwanza huwekwa pamba zilizolowekwa dawa ya kusinyaza mishipa, ili damu isiharibu kazi. Daktari wa masikio, pua na koo mara nyingi ndiye anayefungua njia, kisha yeye hushika endoskopu huku daktari wa ubongo akifanya kazi kwa mikono miwili, na hivyo mikono minne inapishana ndani ya matundu mawili ya pua bila kugombana, jambo linalotaka mazoea ya pamoja kama ya wapiga makasia. Mfupa hutobolewa kwa drili ndogo, utando mgumu unaofunika ubongo hupasuliwa, na uvimbe huonekana. Uvimbe mwingi wa tezi hii ni laini kama uji mzito, hivyo hukwanguliwa na kufyonzwa. Ukiwa mgumu, kazi hubadilika, na hapo ndipo wengi hutamani kuona kina cha hadubini.

Kufunga ndiko kulikosumbua zaidi miaka ya mwanzo, kwa sababu maji ya ubongo yalikuwa yakivuja puani. Mafuta kidogo au utando kutoka pajani ulitumika kama kiraka, na bado hutumika kwa tundu dogo. Kwa tundu kubwa, tangu mwaka 2006 imeenea mbinu ya kukata ngozi laini ya ndani ya pua, ikaachwa imeshikamana na mshipa wake wa damu, kisha ikakunjwa kufunika tundu. Kiraka chenye damu yake hushika upesi kuliko kisicho nayo.

Uvimbe ulio juu ya ubongo, au ndani ya nyama ya ubongo mbali na sakafu ya fuvu, hutolewa kwa kufungua fuvu, na huko hadubini bado ndiyo mfalme.

*Mimi ni mwalimu. Wanafunzi wangu waliniuliza nani aligundua kutumia vifaa hivi viwili pamoja, nikakosa jibu. Pia, je, vinaunganishwa kwa uvimbe wa tezi tu? — Mwalimu wa Biolojia, Urambo*

Mwalimu, hakuna mtu mmoja wa kuandikwa ubaoni, na hadithi yenyewe ina mizunguko. Mwaka 1907, huko Innsbruck nchini Austria, Hermann Schloffer aliufikia uvimbe wa pituitari kwa kupitia puani, akiwa ameifunua pua kwa nje. Nchini Marekani Harvey Cushing aliiboresha njia hiyo kwa kupitia chini ya mdomo wa juu, akaifanya kwa wagonjwa wengi, kisha akaiacha na kurudi kufungua fuvu. Wakati huo mtu alifanya kazi ndani ya handaki jembamba lenye mwanga hafifu. Njia ingekufa kama si Norman Dott wa Edinburgh, aliyejifunza kwa Cushing na kukataa kuiacha. Gérard Guiot wa Paris akaichukua kwa Dott, na Jules Hardy wa Montreal akaichukua kwa Guiot. Hardy ndiye aliyeingiza hadubini katika handaki hilo miaka ya 1960, na tangu hapo njia ya pua ikafufuka.

Hadubini yenyewe ilikuwa imeshaingia kwenye upasuaji wa ubongo mwaka 1957, kwa mkono wa Theodore Kurze huko Los Angeles. Aliyeifanya kuwa somo la dunia nzima ni Gazi Yaşargil, Mturuki aliyefanya kazi Zürich, ambaye kwanza alikwenda Burlington katika jimbo la Vermont kujifunza kushona mishipa midogo ya damu chini ya lenzi.

Endoskopu ni mzee kuliko hadubini kwenye ubongo. Mwaka 1910 daktari wa njia ya mkojo wa Chicago, Victor Lespinasse, alitumia kifaa cha kuchungulia kibofu kuingia kwenye vichwa vya watoto wawili wenye maji mengi kwenye ubongo. Picha zilikuwa za giza, na kifaa kikawekwa kando hadi Mwingereza Harold Hopkins alipobuni mpangilio mpya wa lenzi, akijaza bomba fimbo za kioo pale ambapo zamani ilikuwepo hewa, na mwanga ukapita kwa wingi. Kiwanda cha Karl Storz, Ujerumani, kilizitengeneza kwa ajili ya madaktari miaka ya 1960. Guiot aliijaribu endoskopu katika miaka hiyohiyo, na mwaka 1977 Michael Apuzzo na wenzake waliandika juu ya kuchungulia kona kwa endoskopu inayotazama pembeni wakati wa upasuaji wa hadubini. Mmoja wa wenzake hao alikuwa Kurze, yuleyule wa mwaka 1957, jambo ambalo mimi hulitaja kila ninapowasikia watu wakibishana kama wanachagua timu ya mpira. Miaka ya 1990 Axel Perneczky wa Mainz aliufanya muungano huo kuwa utaratibu unaofundishwa, wakati huohuo Hae-Dong Jho na Ricardo Carrau wa Pittsburgh wakichapisha, mwaka 1997, taarifa ya wagonjwa 50 waliopasuliwa pituitari kwa endoskopu peke yake.

Kwa swali lako la pili, mfano ninaoupenda upo nyuma ya sikio. Kuna uvimbe uitwao epidamoidi, ambao hutokana na chembe za ngozi zilizopotelea ndani ya fuvu tangu mimba. Ni mweupe, unameremeta kama lulu, na haukui kwa kusukuma kama jipu, bali hutambaa na kujaza kila mwanya kati ya neva na mishipa kwenye kona ya ubongo mdogo. Chini ya hadubini unauona mzuri, unatoka vipande vipande kama nta, na baada ya muda tundu linaonekana safi. Ukiingiza endoskopu ya nyuzi 30 au 70 unakuta lulu nyingine imejificha nyuma ya neva ya uso, nyingine imevuka mbele ya shina la ubongo. Bila kijiti hicho, daktari alikuwa na njia mbili tu: kuuvuta ubongo zaidi ili apate kuona, na ubongo haupendi kuvutwa, au kuacha mabaki yaote tena. Hali kama hiyo iko kwenye uvimbe wa neva ya kusikia, ambao mkia wake huingia ndani ya mfereji wa mfupa. Kwa endoskopu daktari huona mwisho wa mfereji bila kuchonga mfupa mwingi.

Waambie wanafunzi pia kwamba kona iliyoonekana lazima ifikike. Endoskopu inaweza kuonyesha kipande ambacho hakuna kifaa kilichonyooka kinachokigusa, na ndiyo maana kwenye meza yangu vifaa vilivyopinda vilipangwa safu yake peke yake.

*Binti yangu wa miaka saba anatapika asubuhi na kuyumba akitembea. Picha imeonyesha uvimbe nyuma ya kichwa na maji yamejaa ubongoni. Daktari amesema wataanza na tundu dogo la kamera kwa ajili ya maji, halafu uvimbe. Kwa nini wasitoe vyote siku moja? — Mama wa Nzega*

Mama, pole sana, na usisubiri jibu la gazeti kama tarehe umeshapewa. Ubongo hutengeneza maji yake, nusu lita hivi kwa siku kwa mtu mzima, na maji hayo hupita kwenye vijia vyembamba hadi yanaponyonywa na damu. Uvimbe wa nyuma ya kichwa huziba kijia. Maji yanajaa, yanasukuma, na ndiyo maana kichwa huuma zaidi alfajiri na mtoto hutapika anapoamka.

Kwa tundu dogo juu ya paji, daktari huingiza endoskopu hadi kwenye chumba cha tatu cha maji na kutoboa sakafu yake nyembamba, maji yakapata njia mpya. Hiyo inaweza kumpunguzia mtoto shinikizo siku hiyohiyo, na pale uvimbe unapokuwa jirani na chumba hicho, kipande kidogo hukatwa kupitia tundu hilohilo kwenda maabara. Kuondoa uvimbe mkubwa wa nyuma ni kazi ya hadubini, ya saa nyingi, na humfaa mtoto aliyeacha kutapika na kupata nguvu. Wakati mwingine daktari hutoa uvimbe moja kwa moja, na kijia hufunguka chenyewe. Picha ndizo zinazoamua.

Afrika Mashariki si wageni wa kifaa hiki. Huko Mbale, Uganda, katika hospitali ya watoto ya CURE, Benjamin Warf na wenzake mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliwatibu kwa endoskopu watoto wengi wenye vichwa vikubwa, wakaepusha wengi wao na mpira wa kudumu wa kutolea maji, na dunia ikaenda kujifunza kwao.

*Je, ni lazima kunyolewa nywele zote? — Bila jina, Isevya, Tabora*

Kwa njia ya puani hunyolewi hata unywele mmoja. Kwa kufungua fuvu, mara nyingi hunyolewa ukanda tu. Uliza, na usiache kwenda kwa sababu ya nywele.

*Mama, nina miaka 29, siko mjamzito wala sinyonyeshi, lakini maziwa yanatoka na siku zangu zimekatika mwaka mzima. Nimeambiwa ni uvimbe mdogo wa pituitari na kwamba nitapewa vidonge. Jirani amenitisha kwamba vidonge ni kupotezewa muda, niende nikapasuliwe kwa kamera. — F., Mwanga, Kigoma*

Mwanangu, jirani yako anakutakia mema, lakini hapa amepotoka. Uvimbe unaotoa kwa wingi prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, ni tofauti na mingine yote ya tezi hii, kwa kuwa wengi wenye uvimbe huo hutibiwa kwanza kwa vidonge, kabagolini au bromokriptini, na uvimbe husinyaa, maziwa hukauka, siku hurudi. Upasuaji hubaki kwa wale ambao dawa imeshindwa, au wasioivumilia, au wanaopoteza uwezo wa kuona. Kifaa kizuri hakimfanyi kila mtu kuwa mgonjwa wa kupasuliwa. Umeza vidonge kama ulivyoandikiwa, nenda kwenye vipimo vya damu, na ujue kwamba mimba inaweza kushika hata kabla hujaona siku zako, kwa hiyo zungumza na daktari mapema kuhusu hilo.

*Mume wangu amepasuliwa kupitia puani wiki tatu zilizopita, na tunataka kurudi Kigoma. Tupande treni, basi au ndege? Na nyumbani tuangalie nini? — Mke wa Mvuvi, Ujiji*

Pongezi kwa kufika hapo. Kuhusu ndege, mwombe daktari akujibu yeye mwenyewe, kwa sababu baada ya upasuaji wa namna hii hewa inaweza kubaki ndani ya fuvu, na hewa hutanuka ukipaa. Treni ina faida ya behewa la kulala, na mgonjwa anaweza kuinua kichwa kwa mito miwili usiku kucha. Lakini safari ya zaidi ya kilomita 1,200 ina vituo vingi ambako hakuna daktari, kwa hiyo msiondoke Dar es Salaam bila ruhusa ya maandishi na barua ya kumkabidhi kwa Maweni.

Kwa wiki kadhaa asipenge kamasi. Akitaka kupiga chafya, apige huku mdomo uko wazi. Asinyanyue ndoo, asivute nyavu, asijikamue chooni. Mpe matunda na mboga za kutosha ili choo kiwe laini.

Maji maangavu yasiyo na rangi yakidondoka puani, hasa akiinama, na akayasikia kooni yana ladha ya chumvi, yakingeni kwenye kichupa safi na mrudi hospitali siku hiyohiyo, maana njia inayotoa maji ya ubongo ndiyo inayoingiza wadudu. Homa yenye shingo ngumu haisubiri kesho. Akianza kukojoa kupita kiasi na kunywa maji ndoo kwa ndoo, usidhani ni joto la Ujiji. Tezi inaweza kuwa imeacha kutoa homoni ya kuzuia mkojo, na ipo dawa yake.

Mwisho, kama ameandikiwa haidrokotisoni, yaani dawa inayojaza homoni ambayo mwili wake hautoi ya kutosha, vidonge hivyo hukaa mfukoni mwake, siyo kabatini kwako. Visikatishwe kwa sababu anajisikia vizuri, wala kwa sababu vimeisha na duka halijaleta. Siku akipata malaria au ajali, mtu wa kwanza atakayempokea hospitalini, hata kabla ya kuulizwa jina lake, aambiwe kwamba anavitumia.